Mtoto wa Ndiyo

Nilimwona kwanza katika foleni ya mchele, amelala wima. Sitii chumvi. Alikuwa kaegemea ukuta, kapu kichwani, macho kayafumba, na foleni ikisogea naye anasogea, miguu inakwenda yenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, hasa alfajiri, hasa nikiwa na njaa. Nikamwambia, "Ewe mtoto, huna mama wa kukulaza kwenu?"

Akafumbua macho. "Ndiyo, dada."

"Ndiyo unaye au ndiyo huna?"

"Ndiyo, dada."

Nikajua hapa pana jambo. Mtoto wa miaka tisa, kumi, akichokozwa na mtu asiyemjua, hujibu jeuri au hulia. Huyu alisema ndiyo, akasogeza kapu, akalala tena.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, wakati mchele, sukari na unga vyote vilikuwa vya foleni. Nilikuwa nimerudi kwa mamangu Kikwajuni na talaka yangu na cherehani yangu. Talaka niliipokea, cherehani niliipigania. Asubuhi nikipanga foleni, mchana nikishona magauni ya watu, na katikati nikigombana na yeyote aliyekuwa tayari.

Tangu siku ile nikawa namtazama. Mikono yake ilikuwa na alama za pasi ya mkaa, nyingine mbichi, nyingine za zamani. Nyayo zimepasuka. Nilimuuliza anakaa na nani, akanambia anakaa kwa mama yake mkubwa, Mjini. Basi siku moja nikamfuata, na kapu lake la mchele lilivyomwelemea hakuwa mgumu kufuatwa. Akavuka Darajani, akaingia vichochoroni, akasimama kwenye mlango wa nyumba ya ghorofa. Mlango ukafunguliwa, nikasikia sauti ikimwuliza kachelewa wapi, na sauti ile niliijua.

Ilikuwa ya jirani yetu wa zamani, mwanamke aliyekulia Kikwajuni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe alipata cheo, wakapata nyumba Mjini, na tangu ahamie ghorofani alianza kutembea kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Kikwajuni alikuwa akija kwa nadra, na akija hakai mkekani, anadai kiti.

Nilirudi nyumbani mbio, nikamweleza mamangu. Mama alikuwa mwanamke mnene, mvivu kwa hiari yake. Alisema kazi zote za dunia zilishafanywa na mamake, naye alizaliwa kuja kupumzika kwa niaba ya ukoo. Mchana kutwa alikuwa mkekani uwani, miguu kainyoosha, akiamrisha. Lakini alikuwa na masikio, na nilipomweleza ya pasi alisema, "Yule hana dada wa kumzalia mtoto. Dada zake wote nnawajua."

Watoto wale walikuwapo, na sote tulijua. Wanaletwa kutoka bara na watu wa mashua, mama zao wameambiwa mtoto anakwenda Unguja kusoma chuo cha Kurani na skuli. Wakifika wanapewa ndoo. Siku hizi jambo hili lina jina, na lina watu wanaolishughulikia, Mungu awape nguvu. Sisi tulikuwa tukisema "yule mtoto wa kazi wa fulani", tunapita zetu. Nami nilikuwa katika waliokuwa wakipita.

Nikasema, "Twende tukamtoe."

Mama akacheka. "Ukagonge mlango wa mtu mwenye cheo umwambie nini? Kesho utaulizwa wewe, si yeye."

Kweli. Siku zile maneno yalikuwa mazito, mtu akiyapima kabla hajayatoa. Pahala pamoja tu mtu aliweza kumwambia mkubwa lolote usoni mwake asifanywe kitu, napo ni kwenye utani. Na bahati iliyoje, sisi asili yetu ni Wanyamwezi, na yule bibi ni Mzaramo. Kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya na kukuaibisha mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa, na watu wataihadithia aibu yako mpaka kwa wajukuu zako. Na utani hauchezwi penginepo ukanoga kama msibani.

"Tusubiri tu," mama akasema. "Wana mjomba wao mgonjwa."

Nilimwambia hiyo si tabia, kusubiri mtu afe. Akasema hamwombei mauti, ila na yeye mwenyewe mzee hajifichi kwamba anakwenda.

Mzee akaenda, Mungu amrehemu. Alikuwa kabaki Kikwajuni, hivyo msiba ukawa kwetu, na yule mpwa wake wa ghorofani hakuwa na budi kuja na kukaa chini na wenziwe. Akaja na yule mtoto wake wa kazi, aoshe vyombo.

Siku ya hitima, baada ya dua, mama akavaa koti la marehemu babangu juu ya kanga, akajifunga kilemba, akaingia ukumbini kwa wanawake akikohoa kikohozi cha yule mzee aliyekufa. Kikohozi kile kilikuwa maarufu, kikianza kifuani na kumalizikia mtaa wa pili. Watu wakaanza kuuma kanga zao. Mama akajitupa katikati ya ukumbi, akapiga yowe, "Mume wangu we! Umekufa hujanioa!" Mjane halisi, maskini, aliyekuwa analia kweli, akacheka mpaka akalazimika kushikwa. Mama akalala mlangoni, akasema sinia la chakula halipiti mpaka Wazaramo wakiri kwamba marehemu alikuwa akimpenda yeye na mke wa nyumbani alimwoa kwa sababu ya upishi. Wakakiri. Wazaramo ni watu wazuri, wanajua kucheza.

Hapo mtoto akapita na sinia la vikombe vya kahawa. Mama akanyoosha mkono akamkamata kifundo cha mkono, akasema kwa utulivu, "Nimeshika. Hiki changu."

Ada ni hiyo. Mtani akishika kitu hakiachi mpaka mwenyewe akikomboe. Hushika sufuria, hushika kiatu cha imamu, mara moja nilisikia alishikwa mbuzi wa arobaini na hakuonekana tena. Lakini mtoto sikuwahi kusikia, na wengine nadhani hawakuwahi, maana kicheko kilipungua kidogo.

Yule bibi akajichekesha. "Mtani, shika hata sufuria. Hicho kitoto hakina faida."

"Kama hakina faida, mbona unacho?"

"Nikikomboe kwa kitu gani basi? Sema, nkupe kanga doti."

"Kanga nnazo," mama akasema. "Mimi sitaki makubwa. Huyu si mwana wa ndugu yako? Nitajie jina la mamake na mji aliozaliwa, umchukue uende zako. Mtu hakosi kumjua ndugu yake."

Bibi akataja jina. Shangazi yake, kikongwe aliyekaa karibu na mlango, akageuka. "Huyo n'nani katika ukoo wetu?"

"Yule wa bara, shangazi."

"Sote wa bara. Huyo wa wapi?"

"Wa Kisarawe."

"Kisarawe nilizaliwa mimi," kikongwe akasema. "Mtaje babake."

Akataja baba. Kikongwe akasema huyo alikufa kabla ya vita vya Mjerumani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi naye akacheka, meno yote nje, macho yamekauka, kwa sababu alikuwa Mzaramo na alijua sheria. Angenuna tu, angekwisha. Mama akasimama, nami nikamsukuma nyuma kumsaidia, akatoka nje na koti lake na kilemba chake, kamshika mtoto mkono. Tukaenda nyumbani na rehani yetu.

Nilidhani kazi imekwisha. Kazi ilikuwa haijaanza.

Kwanza, mtoto hakukaa. Tukila, anasimama ukutani na sahani yake, mgongo umenyooka, tayari kutumwa. Ukimwambia kaa, anasema ndiyo, anachuchumaa kidogo, ukigeuka kashasimama. Pili, alifanya kazi. Kabla hatujaamka uwa ulikuwa umefagiwa, maji yamejazwa, vyombo vimesuguliwa kwa mchanga mpaka sufuria moja ikatoboka. Jirani mmoja akasema mbele yangu, "Mmepata mtoto mzuri." Nilimjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Tatu, aliiba chakula. Mabonge ya wali, vipande vya mkate wa boflo, muhogo, vyote chini ya mkeka wake. Tuligundua siku sisimizi walipokuja kwa msafara. Nilitaka kumwuliza kwa nini aibe chakula cha nyumba asiyonyimwa, mama akanizuia. Jioni ile akachukua kibakuli, akatia boflo na kipande cha samaki, akakifunika, akakiweka karibu na mkeka wa mtoto. "Hiki ndicho cha kuiba," akamwambia. "Kila siku ntakuwekea. Iba hiki, usiibe cha kuficha chini ya mkeka, kinatuletea wageni."

Mtoto akasema ndiyo. Akakiiba kila siku, kwa siri, nasi tukijifanya hatuoni.

Tulitaka kumrudisha kwao, lakini kwao wapi? Mama akamuuliza, "Kwenu Tanga?" Ndiyo, bibi. "Au Lindi?" Ndiyo, bibi. Mimi nikamuuliza kwa ukali kama kwao ni Bukoba. Ndiyo, dada. Nikamuuliza kama kwao ni Uingereza, akasema ndiyo. Tulifahamu kwamba katishwa, maana watu wa mashua huwatisha wote hivyo, na mtaa mzima ulilijua hilo. Aliambiwa akitaja kwao, mamake atafungwa. Lakini hata pasingekuwa na kitisho, nadhani neno la kukataa lilikuwa limeshatolewa ndani yake, kama jino.

Ikapita muda, bibi wa ghorofani akaona mchezo umerefuka. Akaenda kwa mwenyekiti wa tawi letu, akasema utani una mpaka wake, na kwamba Wanyamwezi wa Kikwajuni wamemwibia mwana wa ndugu yake. Mwenyekiti alikuwa fundi mwashi, mtu mwema, lakini vyeo vya watu vilimtia baridi. Akaja kwetu, akakaa ukingoni mwa kiti. "Bi mkubwa," akamwambia mama, "mimi sitaki ugomvi. Ijumaa, baada ya sala, mtoto mwenyewe ataulizwa mbele za watu. Akisema anakwenda na bibi yule, atakwenda. Akisema hendi, hendi. Sina la zaidi."

Mtoto alikuwa nyuma yake, anafagia pahala palipofagiwa. Mwenyekiti akageuka kwa upole, akamuuliza, "Sawa, mwanangu?"

"Ndiyo, babu."

Mama akaikunja miguu yake. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mamangu kaikunja, na niliogopa.

Basi ilibidi mtoto ajue kukataa kabla ya Ijumaa, na mwalimu nikajiteua mimi, maana katika kukataa nilikuwa na ujuzi. Nilimsimamisha uwani. "Mtu akikuamrisha jambo la kipumbavu, hulifanyi. Umefahamu?"

"Ndiyo, dada."

"Haya. Nakuamrisha unipige kofi."

Akanipiga. Wala halikuwa kofi la kubembeleza. Lilikuwa la mtu aliyezoea kupiga nguo kwenye jiwe. Shavu likawaka moto. Akasema, "Samahani, dada," akasubiri kama nataka la pili. Mama pale mkekani alicheka mpaka akaomba maji, mtoto akayaleta kabla hajamaliza kuomba.

Nikaona nimpe jambo lisilowezekana kabisa, akose njia ila kukataa. Nikamwambia, "Nenda kaniletee bahari." Nikarudi kwenye cherehani yangu nimeridhika. Adhuhuri akaingia na ndoo kichwani, kalowa mpaka kiunoni, maji ya chumvi yanamchuruzika.

"Imebaki nyingine, dada," akasema. "Nitairudia."

Mama alinitukana hapo kwa matusi ya kikwetu ambayo sikuyasikia tangu utotoni, kwamba nimemtuma mtoto pwani peke yake na watu wanamwinda. Alikuwa na haki. Kisha akachemshia muhogo yale maji, yasije yakapotea bure.

Tulimwomba na mzee muuza kahawa wa mtaani atusaidie. Yeye alikuwa mcheshi, watoto wote wakimchezea. Akaja wakati wa chakula, akajitia ukali, akamwambia mtoto, "Nipe sahani yako." Mtoto akampa. "Nipe na maji." Akampa. "Hakuna kingine?" Mtoto akaenda kwenye mkeka wake, akakileta kile kibakuli cha kuiba, akamkabidhi kwa mikono miwili. Yule mzee alikuja kufanya mzaha. Aliweka kibakuli chini taratibu, akatoka bila kuaga, na kwenye mlango nilimwona anajifuta uso kwa kofia yake.

"Basi," mama akasema. "Chuo kimefungwa. Utamwamrishaje mtu aache kutii? Nyote mna wazimu."

"Sasa tufanyeje? Ijumaa hiyo."

"Mimi ntamfundisha ninachokijua."

Na alichokijua mamangu, nshasema, ni kutofanya kitu. Akamwita mtoto mkekani, akamkalisha ubavuni pake, akamnyoosha miguu kama yake. "Tukae," akamwambia. Wakakaa. Mtoto akaanza kuhangaika, macho yanatafuta ufagio. Mama akamwekea mkono pajani, mkono wake mzito ule, akaendelea kumsimulia habari za mke wa mtu fulani. Mimi nikaita kutoka ndani, "Hebu niletee uzi!" Mtoto akataka kunyanyuka. Mama akajibu kwa niaba yake, "Ana shughuli."

"Shughuli gani?"

"Amekaa."

Ikawa hivyo kila siku. Nilikuwa nikishona, nikipika, nikipanga foleni, nikichota maji, na wao wawili mkekani. Nilikasirika kweli. Nilimwambia mama anamharibu mtoto, naye akasema ndiyo nia yake. Siku ya Alhamisi nilipita na ndoo nikamwambia mtoto asogeze miguu nipite. Akasema, "Ndiyo, dada." Hakuisogeza. Nikairuka, nikitukana, na sikufahamu nilichokiona.

Ijumaa watu walijaa barazani kwa mwenyekiti mpaka njiani. Wanyamwezi walikuja, Wazaramo walikuja, na wasio na utani na mtu walikuja kwa sababu hapakuwa na jambo jingine la kutazama. Bibi wa ghorofani akaja na buibui jipya, mwavuli, na halua katika karatasi. Mtoto kakalishwa mkekani peke yake, katikati. Mwenyekiti alimwambia mama akae mbali, bibi asije akasema kamchochea. Mama akakaa mbali. Nilimwona anazungusha ncha ya kanga yake kidoleni, anaikaza, anaiachia.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Mwanangu, unamjua huyu?"

"Ndiyo, babu."

"Unataka kwenda naye nyumbani?"

"Ndiyo, babu."

Nyuma yangu mtu akasema lahaula. Bibi akawageukia watu, akatabasamu, na mwenyekiti, nilimwona waziwazi, akashusha pumzi, maana yake limekwisha bila ugomvi.

"Haya mwanangu, twende," bibi akasema kwa sauti ya asali. "Inuka."

"Ndiyo, mama," mtoto akasema. Akabaki pale pale, miguu kainyoosha.

"Inuka basi."

"Ndiyo, mama."

"Nakwambia twende!"

"Ndiyo, mama."

Hakuinuka. Hakulia, hakutazama chini, wala uso wake haukuwa na jeuri. Alikuwa anakubali kila neno, na amekaa. Bibi akamshika mkono akamvuta. Mtoto akajilegeza akawa mzito, uzito ule wa gunia la chumvi lililolowa, na mkeka ukaburutika pamoja naye. Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Yule kikongwe wa Kizaramo, shangazi wa bibi mwenyewe, akasema kwa sauti ya wazi, "Mdomo umekubali, matako yamekataa. Mwenyekiti, unafuata lipi?"

Baraza ikalipuka. Mwenyekiti alijitahidi kuzuia uso wake, ukamshinda. Akafuta macho, akasema, "Mimi mwashi. Nafuata lililo chini, maana ndilo linalobeba."

Bibi akanuna. Mbele ya Wanyamwezi wote wa Kikwajuni, akanuna, kisha akatukana, na alipokwisha kutukana hakuna hata Mzaramo mmoja aliyesimama upande wake. Akafungua mwavuli wake, na jua lenyewe halikuwapo, akaenda zake. Halua akaisahau.

Mwenyekiti, baada ya kuonja ushujaa, akautaka tena. Akachuchumaa mbele ya mtoto. "Hakuna atakayefungwa. Mimi nasema, mwenyekiti. Kwenu Tanga?"

Mtoto akamtazama sana. Akatikisa kichwa.

Hapo baraza nzima ikasogea mbele. Kisha kila mtu akataka kwao kuwe ndiko. Mmoja akasema Kilwa, kichwa kikatikisika. Mwingine akasema Lindi, kikatikisika. Bagamoyo, hapana. Kisarawe, hapana, na kikongwe akasema alijua. Mngoni mmoja akasema Songea, akakataliwa, akaudhika kabisa, akauliza Songea ina kasoro gani. Mtoto alikuwa anakataa mji baada ya mji, anakataa bara zima, na kila akikataa macho yake yanafunguka zaidi, na mimi nilikuwa nalia pale mbele za watu bila ya kujificha.

Mchuuzi wa chumvi aliyekuwa nje kabisa akasema, "Saadani?"

Kichwa hakikutikisika. Uso ukakunjamana, na mtoto akalia, kwa sauti, kwa mdomo wazi, kama walivyo watoto wa watu. Mama akamfikia kabla yangu, na sijawahi kumwona mamangu akikimbia kabla wala baada.

Mwenyekiti akatuandikia kibali cha kuvuka. Mama akasema yeye hawezi safari, ana shughuli, basi nikaenda mimi. Tulivuka kwa mashua, mchana, na nilitapika kutoka Unguja mpaka bara. Mtoto alinishika kichwa njia nzima, wala sikumwamuru.

Mamake tulimkuta nyuma ya nyumba anaanua samaki. Alikuwa kijana, nadhani rika langu. Alitutazama kwanza kama wageni. Kisha kapu likamtoka mkononi. Sitaeleza zaidi hapo. Samaki waliliwa na kuku, na hakuna aliyewafukuza.

Alipotulia akamuuliza mwanawe, kwa furaha, amesoma mpaka juzuu gani. Maana mtu wa mashua alikuwa akimletea salamu kila mara kwamba mtoto anasoma, yuko mbele ya wenziwe. Kijiji kizima kilijua. Mtoto akaangalia chini. Ikabidi niseme mimi, na nilisema, na yule mama akachukua mikono ya mwanawe akaigeuza, akatazama alama za pasi moja moja.

Nililala hapo, nikala vizuri. Asubuhi mashua ilikuwa inanisubiri. Mtoto alikuwa mapajani kwa mamake, mkubwa yule, miguu inafika chini, anakula muhogo na nazi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kumuaga, mazuri.

"Nyanyuka umuage dada yako," mamake akamwambia. "Umsindikize mpaka pwani."

Mtoto akatafuna kwanza, akameza.

"Sitaki," akasema.

Mamake akaona haya mbele yangu, mgeni niliyemletea mwanawe, akainua mkono ampige. Akamwambia, "Nani kakufundisha utovu huu wa adabu?"

Niliudaka ule mkono. Nilikuwa nalia na kucheka, na mwenye mashua ananiita. Nikamwambia ni sisi, kwetu Kikwajuni, na kwamba alitusumbua sana mpaka akajua.